Mtazamaji wa Nne

Valentine aliporudi Homa Bay kwa likizo ya Agosti alikuwa tayari amejiteua Mkurugenzi wa Matangazo ya Mubashara. Hakuna kikao kilichomteua wala mtu aliyemwomba, lakini hivyo ndivyo vyeo vikubwa vinavyopatikana. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya kibanda cha mama yake, Priscilla, aliyeteremka kutoka Kisii na mikungu yake ya ndizi kabla Valentine hajazaliwa na akakataa kupanda tena. Vifaa vya ofisi vilikuwa kreti la soda, simu yenye ufa kwenye kioo, na mkungu mmoja wa ndizi mbichi wa kuegemezea simu hiyo. Siku ya Jumapili mkungu huo haukuuzwa. Mama alikubali kwa shingo upande, akisema hajawahi kuona ndizi ikiajiriwa.

Msanii wa ofisi alikuwa dada yake mkubwa, Nyasuguta, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mikungu tangu utotoni na maneno machache, kana kwamba kila neno analitoa mfukoni mwake. Mteja akimuuliza bei, alionyesha vidole. Lakini mpe obokano uone. Obokano ni kinubi cha Wakisii, kikubwa, chenye nyuzi nane na tumbo la ngozi ya ng'ombe, na sauti yake haipitii masikioni tu. Inaingia kwenye kreti ulilokalia, inapanda na uti wa mgongo, na nyuma yake kuna mvumo kama wa nyuki walioudhiwa kidogo. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Nyasuguta alitumia nailoni ya wavuvi, aliyoinunua kwa wauza nyavu karibu na gati, na kwa kuigusa tu alijua ipi ilikusudiwa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na ipi ilikusudiwa samaki wa kuonewa huruma.

Watu wa sokoni walisema mwanamke hapigi obokano. Walisema hivyo hadi siku alipoipiga. Baada ya hapo walisema anapiga vizuri sana, ila wana haraka.

Ndiyo sababu alikwenda mtandaoni, hata kabla Mkurugenzi hajarudi. Kila Jumapili saa kumi alikaa mbele ya ule mkungu, akapiga mubashara kwa ulimwengu mzima. Jumamosi haikuwezekana, maana Mama ni Msabato na siku hiyo hata ndizi hupumzika. Ulimwengu mzima, kwa hesabu ya pembeni ya kioo, ulikuwa watu wanne. Wa kwanza alikuwa Valentine mwenyewe, kwa simu ya Mama, akihakikisha picha haijapinda. Wa pili alikuwa Mama Mdogo Edith, kule Kisii, aliyeingia kuona Nyasuguta amesuka nywele gani wiki hii. Wa tatu alikuwa mtu fulani wa kisiwa cha Takawiri, ambaye aliingia na kutoka kadiri mtandao wa kisiwani ulivyopenda. Wa nne alijiita Mogire Posho Mill, wa Macalder, na kuhusu huyo mengi yatasemwa.

Sasa, jambo lilikuwa hili. Ile obokano haikuwa ya Nyasuguta. Ilikuwa ya marehemu babu, na baada ya babu ikawa chini ya ulinzi wa Mjomba Masese, kaka yake Mama, mwenye hoteli ya chai na chapati mjini Kisii. Mjomba alikuwa ameipaka hoteli rangi mpya, na ukuta mmoja, mpana, ulikuwa ukimtazama bila kitu. Akapiga simu.

"Nyasuguta, mama," alisema, "ile obokano inasikilizwa na nani?"

"Watu," Nyasuguta alijibu.

"Wangapi?"

Nyasuguta alionyesha vidole vinne, jambo ambalo halisaidii kwenye simu. Valentine ndiye aliyejibu kwa niaba yake, akasema hadhira inakua kwa kasi ya kuridhisha.

"Mimi si mtu mbaya," alisema Mjomba. "Lakini kama hakuna anayesikiliza, afadhali wateja wangu waitazame ukutani wakinywa chai. Jumapili ya tatu ya mwezi huu nitafungua hiyo laivu yenu mimi mwenyewe. Nikikuta watu hamsini, ibaki. Nikikuta hao wenu wa kuhesabu kwa mkono mmoja, Jumatatu naja na pikapu."

Nyasuguta hakubishana. Aliirudisha obokano kwenye pembe yake, akaifunika kwa kanga, akakaa kando yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kufunika kitu.

Mkurugenzi alilichukua jambo hilo kama alivyochukua mambo yote, yaani kwa uzito mkubwa na mipango mibaya. Ni lazima isemwe, kwa heshima zote, kwamba Valentine alikuwa na historia. Kwenye shule yake ya bweni huko Migori aliwahi kusimama gwarideni asubuhi na kutangaza, kwa sauti ile ile ya naibu wa mwalimu mkuu, kwamba mtihani wa Hisabati umeahirishwa kutokana na uhaba wa namba. Kidato cha kwanza wote walishangilia. Valentine alifyeka nyasi hadi nyasi zikamwonea imani. Na Mjomba Masese mwenyewe alikuwa mhanga wake: mwaka uliopita alipokea ujumbe kutoka kwa Kamati Kuu ya Chapati, ukimjulisha kwamba chapati zake zimeteuliwa kukaguliwa. Mjomba alinunua suti. Alikaa mlangoni siku nzima ndani ya suti hiyo, akiingoja kamati. Alipojua ukweli hakupiga kelele. Aliikunja suti tu, na tangu siku hiyo kila neno la Valentine alilipima kama mtu anayepima daraja bovu kabla ya kukanyaga.

Valentine alijaribu kila njia halali ya kuwapata wale hamsini. Aliandika matangazo yenye maneno "kwa mara ya kwanza barani". Aliwaomba wanafunzi wenzake, lakini nusu yao walikuwa wamenyang'anywa simu na nusu nyingine hawakuwa na bando. Na kila Jumapili, katikati ya wimbo, yule mtazamaji wa nne aliharibu kila kitu.

Aliandika hivi: "Simama hapo dada. Mimi Ombati, nyundo ya Nyatike, jiwe likinisikia linajipasua lenyewe."

Nyasuguta akasimamisha wimbo. Akacheka kidogo, akausogelea mkungu, akasoma tena. Kisha akarudi kwenye nyuzi na kulitia jina la Ombati ndani ya wimbo, kwamba nyundo yake imesikika hadi Homa Bay, na ziwa limeamka likauliza ni nani anayebisha hodi.

Kabla hajamaliza, mtu yule yule: "Simama hapo. Mimi Japheth. Niliingia shimoni mweusi nikatoka mwekundu, mke wangu akaniuliza kwenu ni wapi."

Akasimama tena. Japheth naye akaimbiwa.

"Simama. Mimi Dorah mpika uji. Asiyekunywa uji wangu haoni dhahabu, anaona kizunguzungu."

Valentine aliijua desturi hiyo. Nani wa upande huu wa ziwa asiyeijua? Wajaluo huiita pakruok, na Wakisii waliokulia kati yao wameizoea kama pilipili: msikilizaji anamsimamisha mpigaji, anajitaja, anajisifu yeye na ukoo wake kadiri mdomo unavyomruhusu, na mpigaji analazimika kumjibu ndani ya wimbo. Kwenye arusi ni jambo tamu. Lakini hapo ni watu wengi, kila mmoja na mdomo wake. Huyu alikuwa mmoja.

"Mtu mmoja hawezi kuwa Ombati, Japheth na Dorah," alimwambia dada yake baada ya kuzima. "Na Oliver. Na yule aliyejiita Chui Mwenye Miwani."

"Pengine wako pamoja," alisema Nyasuguta.

"Pamoja wapi? Ndani ya simu? Huyo ni mtu mmoja hana kazi, dada. Mimi namjua. Mimi ndiye huyo." Na hapo alisema kweli, kwani katika kidato cha pili aliwahi kuwaandikia wasichana wa bweni jirani barua za mapenzi kwa majina ya wavulana saba tofauti, mmoja wao akiwa rubani. "Anakuchezea. Na kila ukisimama, wimbo unakatika. Mjomba ataingia akute unamjibu mwendawazimu."

"Anasifu vizuri," alisema Nyasuguta. Kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Jumapili ya pili, Mogire Posho Mill alimsimamisha Nyasuguta mara nyingi hivi kwamba wimbo mmoja ulichukua karibu saa nzima. Alipojitokeza mtu aitwaye Motari, "mrithi wa mashimo yasiyo na kitu", Mkurugenzi alifikia mwisho wa subira yake. Alijinyoosha, akasafisha koo kama hakimu, na akamfungia. Mogire asione tena, wala asiandike tena. Namba ya pembeni ikashuka kutoka nne hadi tatu, na kibandani kukawa na utulivu wa kupendeza. Nyasuguta alipiga nyimbo mbili zaidi bila kusimamishwa na mtu. Alizipiga sawasawa, kila uzi mahali pake, na zilisikika kama mtu anayejisomea barua mwenyewe.

"Umeona?" alisema Valentine. "Safi."

Nyasuguta aliendelea kukitazama kile kioo hata baada ya kuzimwa.

Siku ya Jumatano simu ya Mama iliita. Namba hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa Nyasuguta kwa ajili ya watu wanaotaka kuagiza ndizi, na Valentine aliipokea kwa sauti ya idara ya mauzo.

"Hapo ni kwa yule dada wa obokano?" aliuliza mwanamume mzima, taratibu.

"Ndipo. Unataka ngapi?"

"Sitaki ndizi, msichana wangu. Naitwa Mogire. Nina mashine ya kusaga unga hapa Macalder. Nilitaka kuuliza nimekosea wapi."

Valentine aliiacha sauti ya idara ya mauzo.

"Kukosea vipi, mzee wangu?"

"Jumapili nilikuwa natazama, mara simu ikaniambia huyo mtu hayuko. Nikazima, nikawasha. Hayuko. Nikatoa laini, nikapuliza, nikarudisha. Hayuko. Sasa hawa watu wamenikalia vibaya. Wanasema nimemaliza bando nikaona aibu kusema. Ombati hanisalimii. Dorah ameninyima uji tangu Jumatatu, na mimi ni mtu wa uji."

"Ombati," alisema Valentine polepole, "ni mtu?"

Mzee aliguna kama mtu anayejiuliza wasichana wa siku hizi wanafundishwa nini.

"Ni mtu kabisa. Mwenye shimo kule juu. Kwani ulidhani nani?"

"Na Chui Mwenye Miwani?"

"Huyo ni mwalimu wetu mstaafu. Yuko hapa, anakusalimu."

Nyasuguta alikuwa ameacha kupanga ndizi. Alikuja akasimama karibu, akaibonyeza simu ili isikike kwa sauti. Mzee Mogire, bila kujua kwamba hadhira yake imeongezeka, akaeleza. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakitoka mashimoni Jumapili mchana, wengine bado na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Bando ni ghali na mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Simu inayokamata vizuri ni moja, ya Mogire, tena ukiiweka kwenye dirisha la mashine upande wa barabara. Basi aliiunganisha na spika kubwa aliyoinunulia arusi ya mwanawe, na watu wakaja. Walianza watano. Sasa walijaa uani, wakakaa kwenye magunia, wakakaa kwenye mawe, wengine juu ya ukuta. Wajaluo, Wakisii, na Wakuria waliokuja kutafuta bahati. Anayetaka kujisifu anapanga foleni, anamwambia Mogire maneno yake, na Mogire anaandika, kwa kidole kimoja, akilaumiwa na wote kwa mwendo wake.

"Mashine je?" aliuliza Nyasuguta ghafla. "Si inapiga kelele?"

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

Sauti ya Mzee Mogire ikawa ya mtu aliyevua kofia. "Ni wewe mwenyewe. Dada, mashine tunazima. Saa kumi ikifika nazima. Kuna mama mmoja alikuja na mahindi yake Jumapili ya kwanza, akataka kusagiwa. Wachimbaji wakamwambia aketi asubiri, obokano inaanza. Akakaa. Sasa anakuja kila wiki, na mahindi haleti."

Nyasuguta aliketi juu ya kreti. Valentine alimtazama dada yake na kuona kitu ambacho hakuwa amewahi kukiona usoni pake, hata siku ile watu wa sokoni walipompigia makofi. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akiongea gizani peke yake, kisha akasikia viti vikisogezwa.

"Mitandao ina matatizo siku hizi, mzee wangu," alisema Valentine. "Ule mnara wa—"

Nyasuguta akainua kiganja.

"Mzee Mogire," alisema Nyasuguta, "ni mdogo wangu aliyekufungia. Alidhani wewe ni mtu mmoja."

Upande wa pili kikaja kicheko, kwanza kimoja, halafu vingi, kwa maana Mzee Mogire naye, ikajulikana, alikuwa ameiweka simu kwenye spika.

Valentine alimfungulia siku ile ile. Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa kuwa alikuwa amezoea adhabu na alijua namna ya kuishi nazo. Nyasuguta alimwambia jambo moja tu, akiwa ameinama kukaza nyuzi: "Ungeniuliza nilivyoona mimi." Kisha akaendelea kukaza.

Lakini Jumapili ya tatu ilikuwa inakuja, na hesabu haikuwa imebadilika hata kidogo. Uani kwa Mogire wangeweza kujaa watu kama siku ya kampeni, na pembeni ya kioo wangeandikwa kama mmoja. Mjomba Masese angefungua simu yake Kisii na kuona vidole vya mkono mmoja. Valentine ndiye aliyepata njia, na tuseme ukweli, hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kupanga jambo ambalo lilikuwa vile lilivyoonekana. Mogire angeomba kuingia kwenye matangazo kama mgeni. Kioo kingegawanyika mara mbili. Juu Nyasuguta, chini uwanja wa Macalder. Mjomba ahesabu vichwa kwa macho yake.

Siku ilifika. Saa kumi kamili Mama aliacha wateja wajihudumie, akaja kusimama nyuma ya kreti na mikono yake kifuani. Mjomba aliingia, jina lake lilionekana. Namba ikasema watano. Nyasuguta akaanza kupiga, polepole, nyuzi nene peke yake, na Valentine akabonyeza kumkaribisha Mogire.

Kioo kikagawanyika. Kwa kufumba na kufumbua wakaonekana: uwanja mwekundu, magunia, watu juu ya mawe, watu ukutani, mwanamke mwenye sufuria, mzee mwenye miwani akiwa amekaa mbele kama mgeni rasmi. Kisha mtandao wa Macalder ukachoka. Picha ikaganda. Mtu mmoja aliyekuwa akipiga mwayo akabaki na mwayo wake wazi, na mkono wa mtu mwingine ukabaki hewani.

Simu ya Mama ikaita mkononi mwa Valentine.

"Valentine," alisema Mjomba Masese.

"Naam, Mjomba."

"Hiyo picha umeikata gazeti gani?"

"Si picha, Mjomba. Ni watu. Mtandao umekwama."

"Umekwama. Ukakwama wakati huyo bwana amefungua kinywa."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kama ilivyokwama ile kamati yangu njiani." Alivuta pumzi. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Mimi naona watano hapa. Mimi, Edith, wewe, na wawili. Mwanangu, nilikuwa nataka nishindwe leo. Kweli. Lakini si kwa picha ya gazeti."

Valentine alikuwa na ukweli mkononi na hakuwa na njia ya kuusema ambayo hakuwa ameshaitumia kwa uongo. Akamtazama dada yake.

Nyasuguta alikuwa amesikia, maana sauti ya Mjomba haikuwahi kubaki ndani ya simu. Hakuacha kupiga. Mkono wake wa kushoto ulibaki kwenye zile nyuzi nene, ukizungusha mvumo ule ule, na akaimba kuelekea kwenye simu, kwa sauti yake ya chini isiyo na haraka, kwamba huko Kisii kuna mtu anauliza kama watu wa Macalder wana pumzi au ni wino tu. Kuna mtu yuko nao tangu saa kumi na hajasimamisha wimbo hata mara moja. Mjomba, ajitaje.

"Mimi sijitaji," alisema Mjomba kwenye simu. "Mimi ni mtu mzima, nina hoteli."

"Mwambie alikuwa anaitwa Masese Bila Breki," alisema Mama kutoka nyuma.

"Priscilla," ilisema simu.

"Alikuwa na baiskeli ya baba. Breki ilikuwa imekatika na hakumwambia mtu. Kila Jumapili anashuka nayo mteremko, wasichana wote wamesimama kando. Nilikuwa mdogo, nilishika roho mkononi. Masese Bila Breki. Hata Vale hajui, hajawahi kusikia."

Ilikuwa kweli. Valentine hakuwa amesikia, na Mjomba alijua kwamba hakuwa amesikia.

Nyasuguta akalitwaa jina hilo. Aliliinua, akaliweka juu ya baiskeli, akalipeleka juu ya mlima, akaliacha literemke. Aliimba upepo kwenye shati. Aliimba ndizi zilizosogea kando zenyewe. Kisha akasimama, akawaambia Macalder wamwite.

Hapakuwa na sauti.

Hapa mpigaji mwingine angeharibika. Maneno ya mtandaoni hayafiki yanaposemwa. Yanakwenda yanakojua, yanapumzika njiani, na jibu linarudi likiwa limechelewa. Wengi hukaa kimya wakakodoa macho. Nyasuguta alikuwa amekaa Jumapili nyingi mbele ya ndizi akijifunza ukimya huo, na alikuwa amejua urefu wake kama anavyojua unene wa nailoni. Hakuungoja. Aliujaza. Uzi mnene mara moja, tena, tena, kama gurudumu linalozunguka, hafifu, kisha wazi zaidi, na mvumo wa nyuki ukikua chini yake, hata Valentine aliyekuwa na mashaka ya kila aina akahisi kwamba kuna kitu kinateremka kweli na kinakaribia. Na kilipofika chini ya mteremko, pale pale, si kabla wala baada, Macalder ikajibu.

Ile picha ilikuwa bado imeganda na yule bwana bado ana mwayo wake. Lakini kutoka nyuma ya mwayo huo uwanja mzima ulinguruma "Masese Bila Breki", wanaume na wanawake, na mtu akawa anagonga chuma kwa chuma, na sauti moja nyembamba ya mzee, bila shaka ya Chui Mwenye Miwani, ikachelewa nyuma ya wengine na kuita peke yake. Ile spika ndogo ya simu ilitetemeka juu ya ndizi. Wateja wa kibanda cha jirani waligeuka.

Nyasuguta aliwazungushia tena. Wakamwita tena. Jinsi alivyowashika, watu asiowaona, walioko mbali hivyo, kwa vidole viwili na nailoni ya mbuta, Valentine hakupata cheo cha kuliita jambo hilo. Alisimama tu na simu sikioni.

Ndani ya simu ulisikika tu mwangwi wa obokano ile ile ikitoka hotelini Kisii, imechelewa kidogo.

"Mjomba?" alisema Valentine. "Upo?"

"Nipo." Akakohoa. "Mwambie dada yako haikuwa mteremko wa sokoni, ulikuwa ule wa misheni. Ule ndio mkali."

"Nitamwambia."

"Amwambie huyo mzee wa mashine pia. Na nataka waseme tena, kwa sababu mara ya kwanza Edith alikuwa ananipigia simu, sikusikia mwisho."

Waliita tena. Mjomba alijitaja mara mbili zaidi jioni hiyo, moja kwa jina la baiskeli na moja kwa jina la hoteli, na alipotaka ya tatu Ombati alilalamika kupitia kidole cha Mogire kwamba kuna watu wako kwenye foleni tangu wiki jana.

Jumatatu pikapu haikuja. Alikuja fundi wa umeme, Kisii, hotelini. Na kwenye ule ukuta mpana Mjomba akatundika televisheni, akaiunganisha na simu yake, akawatangazia wateja kwamba Jumapili saa kumi hakuna mpira.

Mama Mdogo Edith, aliposikia, akaona hakuna haja ya kumaliza bando nyumbani wakati kuna chai na kioo kikubwa. Akaenda hotelini. Vivyo hivyo na majirani zake, na kwaya nzima ya kina mama wa kanisani kwake, iliyokuja na watoto na viti.

Jumapili hiyo Valentine aliegemeza simu kwenye mkungu mpya, akatazama pembeni ya kioo.

"Tumeshuka," alimwambia dada yake. "Wanne."

Nyasuguta alikuwa akikaza uzi wa mwisho. Aliugusa, akausikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Washa," alisema.